Mwandishi wa hevi metali haishi kwa tiketi za bure

Hapa Nakuru, ukisema unataka kuandika habari za hevi metali, yaani muziki wa roki wa magitaa mazito, utaambiwa hiyo ni kazi ya kuingia tamasha bure na kupiga picha na wasanii. Si kweli. Kazi kubwa iko mezani. Albamu inatumwa mapema, kwa sharti kwamba uhakiki usichapishwe kabla ya tarehe fulani. Unaisikiliza tena na tena. Mahojiano ya nusu saa yanadai saa kadhaa za kunakili, huku gitaa la mazoezi likinguruma nyuma na kumeza nusu ya majibu. (Hapo ndipo wengi huchoka.) Walio wengi hujitegemea na hulipwa kwa makala, wakilipwa.

Wala si kazi ya kusifu tu; ni pia kazi ya kuibua wasiojulikana. Mwaka 1979, Geoff Barton wa gazeti la Sounds, Uingereza, aliandika kuhusu bendi changa zisizojulikana sana. 1981 akawa mhariri wa Kerrang!, jarida la hevi metali lililoanza kama toleo la ziada la Sounds.

Kwetu, habari haiko mbali: Duma, bendi ya metali ya watu wawili wa Nairobi, walitoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya muziki ya Uganda, Nyege Nyege Tapes. Kutoka Nakuru, Nairobi ni nauli ya matatu tu.