Kabla ya dhamira, mjue kwanza msimulizi

Mi nafundisha fasihi na kuhariri miswada, na kila nikiwapa watu hadithi waichambue wanakimbilia dhamira, yaani "inatufundisha nini", kabla hata hawajajua nani anaongea. Anza na msimulizi jamani. Mwandishi ndo huyo mwenye jina kwenye jalada, msimulizi ni sauti aliyoitunga ituhadithie, kwa hiyo msimulizi akiwa mwongo au katili usimbebeshe mwandishi.

Cheki hii: "Nilimwambia mke wangu pesa zimeibiwa, akaamini." Hiyo ni nafsi ya kwanza, unachopata ni kile anachojua yeye tu, na hilo "akaamini" ni dhana yake, huwezi kulishika kama ushahidi. Sasa soma hivi: "Salum alimwambia mkewe pesa zimeibiwa. Mkewe akanyamaza, bahasha alishaiona asubuhi chini ya godoro." Hapo ni nafsi ya tatu, tena msimulizi maizi, yule anayeingia kichwani mwa kila mtu. Tukio ni lile lile ila sasa kuna taharuki, unataka kujua mke atafanyaje, na kuna kinaya pia maana wewe unajua Salum kashagundulika na mwenyewe wala hana habari. Kilichobadilika ni msimulizi tu!

Ukishamjua msimulizi ndo uende kwenye mengine. Ploti ni jinsi matukio yanavyopangwa na kusababishana, mandhari ni mahali na wakati. Wahusika bapa wana sifa moja wanayoenda nayo mpaka mwisho, wahusika duara wanaweza kukushangaza, na mgawanyo huu ulienezwa na mwandishi Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927.

Kwenye maandishi yasiyo ya kubuni kuna tawasifu, mtu anaandika maisha yake, na wasifu, anaandika ya mwingine. Shaaban Robert katuachia vyote viwili, ya kwake na ya Siti binti Saad. Hapa anayesimulia ndo mwandishi mwenyewe, na anatuahidi kwamba haya yalitokea kweli. Mbinu rejeshi (kurudi nyuma kwenye matukio yaliyopita), taswira (picha za maneno), mazungumzo, vyote ruksa, ila ule umaizi hana. Ukikuta wasifu unasema "usiku ule aliwaza kumwacha mumewe", uliza mwandishi kajuaje, kuna barua, shajara, au alimhoji mwenyewe? Kama hakuna chochote basi sentensi hiyo ni bunilizi, hata kama jalada linasema ni kisa cha kweli.