Kuyatazama maumivu: maana yake, na tofauti yake na kujikaza

Mtu akiumwa hapa Dar es Salaam, akishapewa pole huambiwa neno moja: jikaze. Mama aliye leba anaambiwa jikaze, mtoto anayechomwa sindano anaambiwa jikaze, na fundi aliyejigonga nyundo kidoleni anajiambia mwenyewe. Neno hili lina huruma ndani yake, lakini lisikilize vizuri: linamwagiza mtu akaze. Na mwili hutii. Meno yanabana, mabega yanapanda, pumzi inakuwa fupi, na misuli inayozunguka mahali panapouma inakakamaa kupalinda. Ikikaa hivyo siku nyingi nayo huanza kuuma, na sasa una maumivu mawili.

Kuyatazama maumivu ni njia nyingine kabisa. Maana yake ni kuupeleka usikivu wako mahali panapouma au palipokaza, ukaona panafanya nini, bila kupafukuza wala kupalazimisha pawe vingine.

Wengi hukosea hapo kwenye kulazimisha, kwa sababu hudhani jambo hili ni sawa na kujilegeza. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani, katika miaka ya 1920, alifundisha watu kukaza kundi moja la misuli kisha kuliachia, kundi baada ya kundi, mpaka mwili wote utulie. Ni njia nzuri, nami nimeitumia. Ila kule kuna kitu unachokitafuta, na kisipopatikana unajiona umeshindwa. Katika kutazama, bega likibaki limekaza, limebaki limekaza. Umeliona, basi. Amri ya "legea!" nayo ni amri, na mwili ulioumia husikia kila amri kama vita.

Jambo hili lilinielea ndani ya daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo. Nilikuwa nimeshika bomba, foleni imesimama pale Mtoni, na bega la kulia lilikuwa limenisumbua miezi miwili. Kwa miezi hiyo yote nilikuwa nalikunja, nalinyoosha, nalikasirikia. Siku ile sikuwa na nafasi hata ya kugeuza shingo, nikaamua kulisikiliza tu. Nikakuta kile nilichokiita bega bovu si kitu kimoja. Karibu na shingo palikuwa panavuta, kama kamba ya kuanikia iliyoelemewa na mablanketi. Chini ya fupa la bega kulikuwa na nukta ya moto iliyokuja na kuondoka. Na taya, ambalo sikujua kama linahusika, lilikuwa limebana kabisa. Sikuliambia liachie. Tulipokaribia Uhasibu lilikuwa limeachia lenyewe. Bega liliendelea kuuma, lakini hasira yangu juu yake ilikuwa imepungua sana. Siku nyingine taya haliachii, na hiyo pia ni sehemu ya zoezi.

Naamini sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati katika hili, kwa kuwa lugha yetu imeshatuandalia macho. Kichwa kinagonga, jipu linapwita, tumbo linasokota, kiuno kinakata, koo linakereketa, mguu unakufa ganzi, kidonda kilichoingia chumvi kinachonyota na kikigongwa kinatoneka. Kila kitenzi ni kazi ya mtu aliyewahi kutulia akaona maumivu yake yanafanya nini. Angalia pia tofauti ya "naumwa" na "bega linaniuma". Ukisema naumwa, umeumwa wewe mzima. Ukisema bega linaniuma, umeshapata mahali, na wewe unayeliona bado upo. Zoezi lenyewe halizidi sana hapo: kutoka kwenye naumwa hadi kwenye mahali, na kutoka mahali hadi kwenye kitenzi.

Asili yake ni ya kale. Mafundisho ya Buddha yana mfano wa mishale miwili: wa kwanza ni maumivu ya mwili, wa pili ni ule ambao mtu hujichoma mwenyewe kwa hofu na manung'uniko. Mafundisho hayo si mageni hapa mjini, maana Upanga lipo hekalu la Kibudha ambalo chanzo chake ni jamii ya Wasinhala waliotoka Sri Lanka. Lakini huhitaji kubadili dini. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya namna hii katika hospitali ya chuo kikuu huko Worcester, Massachusetts, kwa wagonjwa waliokuwa na maumivu sugu ambayo tiba ya kawaida haikuyamaliza. Mafunzo hayo, ambayo kwa kawaida huchukua wiki 8, yana zoezi la kulala chali na kuukagua mwili taratibu kutoka vidole vya mguu hadi utosini.

Utafiti mmoja wa mwaka 1993, wa Delia Cioffi na James Holloway, unanivutia kwa wepesi wake. Watu walitumbukiza mkono kwenye maji ya barafu. Wengine waliambiwa wayafute maumivu akilini, wengine wafikirie chumba chao nyumbani, wengine wayafuatilie maumivu yenyewe. Mikono ilipotolewa, maumivu yaliwaisha haraka zaidi wale walioyafuatilia, na yaliwachelewa zaidi wale waliojitahidi kuyafuta.

Kutazama hakuondoi haja ya hospitali. Kifua kinachobana ghafla, mguu unaopoteza nguvu, mgongo unaouma pamoja na mkojo kushindwa kuzuilika, hayo si ya kukaa na kutazama, ni ya kukimbizwa kwa daktari saa hiyo hiyo. Na maumivu yakiwa makali kupita uwezo wako, rudi kwenye pumzi au kwenye nyayo zinavyogusa sakafu, ukipumzika urudi tena kwa dakika chache. Aliyewahi kufanyiwa ukatili mwilini afanye hivi akiwa na mtaalamu, kwa maana mwili hutunza mengi.

Daktari mwenyewe atakuuliza bega linaumaje. Aliyelitazama atamjibu: asubuhi linavuta kuelekea shingoni, jioni linachoma hapa chini ya fupa, na nikibana meno linazidi.