Shetani asiye na ufalme: dhana potofu kuhusu Wayahudi, Maandiko na uovu

Mtu akikosea na kushikwa, mara nyingi utamsikia akisema, "Ni shetani tu alinipitia." Maneno hayo yanaeleweka Mombasa na Bukavu, kwa Mkristo na kwa Mwislamu. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na Kiebrania kina ndugu yake: satan. Kwa kuwa maneno yanafanana, wengi wetu tunadhani na anayetajwa ni yuleyule: malaika aliyeasi, akatupwa chini, akajisimikia ufalme wake wa giza. Hapo ndipo tunapoanza kuwaelewa Wayahudi vibaya. Ukikosea kuhusu wanavyouona uovu, utakosea pia kuhusu sababu ya wao kuyasoma Maandiko jinsi wanavyoyasoma, maana kwao mambo hayo mawili yamefungwa pamoja.

Dhana: Wayahudi wanaamini Shetani ni adui wa Mungu mwenye jeshi na ufalme

Ukweli: Katika Biblia ya Kiebrania, satan kwanza ni neno la kawaida tu. Maana yake ni mpinzani, mshitaki, mtu anayekuzibia njia. Katika Hesabu sura ya 22, anayemzibia Balaamu njia "awe satan kwake" ni malaika wa Bwana, ametumwa na Mungu mwenyewe. Katika Samweli wa Kwanza sura ya 29, wakuu wa Wafilisti wanahofia Daudi asije akawageuka na kuwa satan katikati ya vita. Hadadi Mwedomi naye ni satan wa Mfalme Sulemani. Msomaji wa Kiswahili haoni jambo hili kwa sababu tafsiri zetu huandika "adui" au "kumpinga", na si kosa la mfasiri, ndiyo maana yenyewe.

Halafu njoo kwa Ayubu. Pale Kiebrania kinasema ha-satan, yaani "yule mshitaki". Ni cheo, si jina la mtu. Anahudhuria mbele ya Mungu pamoja na wengine wa baraza, anaulizwa anatoka wapi, anatoa hoja yake, na hawezi kumgusa Ayubu hata unywele bila ruhusa. Mara ya kwanza anawekewa mpaka kwenye mali na jamaa ya Ayubu, mara ya pili kwenye mwili, na uhai anakatazwa kabisa. Huyu anafanana zaidi na mwendesha mashtaka wa mahakama kuliko mfalme wa waasi.

Marabi, yaani walimu wa dini wa Kiyahudi, ambao mijadala yao imo katika Talmudi, walikwenda mbali zaidi. Resh Lakish, mwalimu wa karne ya 3, alisema kwamba Satan, msukumo mbaya ulio ndani ya mtu na malaika wa mauti ni kitu kimoja. Katika ukurasa huohuo wa Bava Batra, mojawapo ya vitabu vya Talmudi, Rabi Levi anadai kwamba Satan alimjaribu Ayubu kwa nia njema, akichelea Mungu asije akausahau upendo wa Ibrahimu kwa ajili ya huyu mtu mpya. Mwalimu mmoja alipokwenda kuyafundisha hayo mjini kwake, Talmudi inasema, Satan alikuja akambusu miguu. Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara nakumbuka jinsi alivyo mbali na yule wa mahubiri niliyoyazoea.

Lakini tusivuke mpaka upande wa pili na kudai Wayahudi hawana habari ya majini na nguvu za giza. Talmudi inawataja mashedim, aina ya pepo. Katika Kabala, mafundisho ya fumbo yaliyoshamiri Hispania na baadaye Safed katika karne ya 16, kuna "upande wa pili" na maganda yaliyoifunika nuru. Hata huko, maganda hayo yanapata uhai kutoka kwa Mungu huyohuyo. Mungu wa pili hayupo.

Dhana: Nyoka wa Edeni alikuwa Shetani, na Isaya ameeleza anguko la Lusifa

Hili ni fupi. Mwanzo sura ya 3 inamwita nyoka nyoka, mjanja kuliko wanyama wengine, basi. Isaya sura ya 14 inasema wazi kwamba ni utenzi wa kumkejeli mfalme wa Babeli; anaitwa "nyota ya alfajiri" kwa sababu alijipandisha juu mno. "Lusifa" ni Kilatini cha nyota hiyohiyo, kutoka tafsiri ya Jerome, aliyeigeuza Biblia kuwa Kilatini. Habari za malaika walioasi zimo katika vitabu kama Henoko, ambavyo Wayahudi wengine wa zamani walivisoma, lakini marabi hawakuviingiza katika Maandiko yao.

Dhana: Mungu wao ameumba mema tu, uovu ulitoka kwingine

Isaya 45:7 inamnukuu Mungu akisema anaifanya nuru na kuliumba giza, anafanya amani na kuumba ubaya. Ni mstari mgumu, na Wayahudi wanaujua ugumu wake. Umeingia katika sala yao ya asubuhi, ila neno moja limebadilishwa: badala ya "kuumba ubaya" wanasema "kuumba vyote". Talmudi haifichi badiliko hilo. Inaeleza kwamba wamechagua lugha ya heshima mbele za Mungu, huku maana ikibaki palepale.

Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, inafundisha kwamba mtu anapaswa kubariki kwa baya kama anavyobariki kwa jema. Ndiyo maana Myahudi akipokea habari ya msiba humbariki Mungu kwa jina la "Hakimu wa kweli". Hatakiwi kusema kwamba msiba ni mzuri. Anachokataa ni kuuhamishia kwa mwingine.

Dhana: Mtu huzaliwa na dhambi ya Adamu, kwa hiyo Wayahudi nao wanamngoja mtu wa kuwaondolea

Kila asubuhi Myahudi anayesali husema, "Mungu wangu, roho uliyonipa ni safi." Ezekieli sura ya 18 inakataa mwana kubeba uovu wa baba yake. Adamu alikosa, na matokeo yake yakawa kifo na jasho, lakini hatia ya kurithi si fundisho la marabi.

Basi uovu unatoka wapi? Unatoka kwenye kile wanachokiita yetser hara, msukumo mbaya, ambao unatajwa mara mbili katika habari za gharika: moyo wa mtu una mwelekeo wa ubaya tangu ujana wake. Msomaji Mwislamu atakumbuka nafsi iamrishayo maovu, na hatakuwa mbali sana. Ila marabi wanasema jambo la kushangaza kuhusu msukumo huu: ni mzuri. Mungu alipotazama alivyoviumba na kuona kuwa "ni vyema sana", midrashi, maelezo ya marabi juu ya Maandiko, inauliza hilo "sana" ni nini, na inajibu: ni yetser hara. Bila huo mtu asingejenga nyumba, asingeoa, asingezaa, asingefanya biashara.

Kuna kisa katika kitabu cha Yoma, ndani ya Talmudi. Watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli waliomba wakabidhiwe msukumo wa tamaa za mwili ili waumalize. Wakapewa. Wakaufungia siku 3. Wakatafuta yai bichi la siku hiyo kwa ajili ya mgonjwa mmoja katika nchi nzima ya Israeli, wasilipate. Kuku walikuwa wameacha kutaga! Wakaelewa kwamba wakiuua, dunia itakwisha. Wakauachia, baada ya kuudhoofisha kidogo.

Sasa ndipo Torati inapoingia. Katika Kiddushin, kitabu kingine cha Talmudi, Mungu anawaambia Waisraeli: "Wanangu, nimeumba yetser hara, nikaiumbia na Torati iwe tavlin yake." Wengi hutafsiri tavlin kuwa dawa, lakini katika jiko la Kiebrania tavlin ni viungo, kama iliki na mdalasini kwetu. Hakuna mpishi anayetia viungo kwenye chakula anachokwenda kukitupa. Anatia kwenye kile ambacho kitaliwa. Maandiko, kwa fundisho hili, yanakuja kuikoleza ile nguvu ya tamaa na hasira iingie kwenye ndoa, kwenye kazi na kwenye haki, maana kuing'oa haiwezekani. Amri ya kumpenda Mungu "kwa moyo wako wote" Mishna inaifafanua hivi: kwa misukumo yako miwili, ule mwema na ule mbaya.

Dhana: Maandiko yao ni Agano la Kale letu, na wanayafuata neno kwa neno

Vitabu kweli ni vilevile vya Agano la Kale la Waprotestanti, ila wao wanahesabu 24 palipo na 39, kwa kuwa Samweli ni kimoja, Wafalme kimoja, Mambo ya Nyakati kimoja, Ezra na Nehemia kimoja, na manabii 12 wadogo wote ni kitabu kimoja. Mpangilio nao ni mwingine: Torati, Manabii, kisha Maandiko. Danieli hayumo kwa Manabii. Kitabu cha mwisho ni Mambo ya Nyakati, na maneno ya mwisho ni ya Koreshi akiwaruhusu watu wapande kwenda Yerusalemu. Jina "Agano la Kale" wenyewe hawalitumii, na hilo linaeleweka.

Kosa kubwa ni hilo la "neno kwa neno". Torati inakataza kazi siku ya Sabato, lakini haisemi kazi ni nini. Mishna, iliyokusanywa na Rabi Yehuda Mkuu karibu mwaka 200, inaorodhesha aina 39. Hii ndiyo Torati ya mdomo, ambayo marabi wanaamini ilianzia Sinai pamoja na ile iliyoandikwa. Wakaraimu, kundi la Wayahudi wanaoshika yaliyoandikwa tu, waliikataa, Wayahudi walio wengi hawawezi kusoma bila hiyo. Uganda kuna mfano wa karibu. Semei Kakungulu, kiongozi wa kivita wa Kiganda, alipoisoma Biblia na kuamua mwaka 1919 kuzishika amri za Musa, watu wake wa karibu na Mbale, Abayudaya, walikuwa na maandishi tu. Ilibidi Myahudi mgeni aliyepita huko awafundishe kalenda ya sikukuu na taratibu za chakula, maana mengi ya hayo hayamo katika kitabu.

Chukua "jicho kwa jicho", ambalo linatajwa kila mtu anapotaka kuonyesha ukali wa dini hii. Talmudi inauliza: kipofu akimtoboa mwenzake jicho, utamtoboa nini? Uamuzi wake ni fidia ya fedha, na inahesabiwa katika mafungu 5: hasara, maumivu, matibabu, siku za kukosa kazi na aibu.

Na mabishano yenyewe ni ibada. Rabi Eliezer alibishana na wenzake kuhusu tanuri moja la kuokea. Akaleta ushahidi: mti ukang'oka, maji ya mfereji yakarudi nyuma, kuta za chuo zikainama, mwishowe sauti ya mbinguni ikasema yeye ndiye aliyepatia. Rabi Yehoshua akasimama akanukuu Kumbukumbu la Torati: "Si mbinguni." Torati imeshatolewa, inaamuliwa na walio wengi. Mungu, kinasema kisa, alicheka: "Wanangu wamenishinda."

Dhana: Talmudi ni kitabu cha siri chenye chuki

Uzushi huu umeua watu. Huko Paris Talmudi ilishtakiwa mwaka 1240, na mwaka 1242 nakala zilizojaa magari ya kukokotwa zilichomwa moto. Aliyekuja kuichapisha nzima kwa mara ya kwanza, Venice, kuanzia mwaka 1520, ni Mkristo, Daniel Bomberg. Tangu 1923 kuna mpango wa watu duniani kote kusoma ukurasa uleule kila siku, na kuumaliza mzunguko huchukua takriban miaka 7 na nusu. Ndani yake kuna mistari mikali, iliyoandikwa na watu waliokuwa chini ya Roma na Uajemi. Anayetaka kuihukumu aisome yote, pamoja na majibizano yanayofuata.

Dhana: Wayahudi wanaamini kila anayeteseka anaadhibiwa

Rafiki zake Ayubu waliamini hivyo, na Mungu akawakasirikia. Ni kweli Rabi Ami alisema hakuna kifo bila dhambi. Talmudi inaichunguza kauli hiyo na kuikataa. Maimonides, rabi na mwanafalsafa aliyefia Misri mwaka 1204, alifundisha kwamba uovu mwingi tunajiletea au tunaleteana, na kwamba ubaya wenyewe ni upungufu wa wema, kama giza lilivyo upungufu wa nuru. Rabi Yanai alikiri kwamba kueleza utulivu wa waovu au mateso ya wema hakumo mikononi mwetu. Baada ya Wanazi kuua Wayahudi milioni 6, Richard Rubenstein alisema Mungu wa historia hawezi kuaminika tena. Eliezer Berkovits akajibu kwamba Mungu hujificha ili mwanadamu awe huru. Wote wawili walikuwa marabi.

Kisa ninachokirudia kuliko vyote kimo katika Menahoti, kitabu kingine cha Talmudi. Musa anapanda mbinguni na kumkuta Mungu akiziwekea herufi za Torati vijitaji. Anaambiwa kwamba siku moja atatokea Akiva mwana wa Yosefu, atakayefundisha sheria chungu nzima juu ya kila kijitaji. Musa anaomba amwone. Anajikuta ameketi nyuma kabisa ya darasa la Akiva, na haelewi linalosemwa, mpaka mwanafunzi anauliza, "Mwalimu, umeyatoa wapi?" na Akiva anajibu, "Ni sheria aliyopewa Musa Sinai." Moyo wa Musa unatulia. Kisha anamwambia Mungu: umenionyesha Torati yake, nionyeshe na thawabu yake. Anaonyeshwa nyama ya Akiva ikipimwa kwenye mizani sokoni, baada ya Warumi kumwua. "Hii ndiyo Torati," Musa analia, "na hii ndiyo thawabu yake?"

"Nyamaza," anajibiwa. "Ndivyo nilivyokusudia."

Na ukurasa unaendelea na sheria za namna ya kuandika herufi.