Msanii "anajieleza", maana yake nini hasa?

Hili neno kujieleza tumelizoea vibaya. Umechelewa kazini unajieleza, trafiki kakusimamisha unajieleza, yaani jambo unalo tayari kichwani kazi yako kulitoa tu. Kwa hiyo ukisikia msanii anajieleza unadhani ni hivyohivyo, ana huzuni yake, anaijua, anaipaka kwenye picha basi. Sio.

Kuna mwanafalsafa wa Uingereza, R. G. Collingwood, alishaliandika hili mwaka 1938, na kwa kifupi anasema mtu mwanzoni anasikia tu kitu kinamsumbua ndani, hajui ni nini, akishakihangaikia kwa rangi au maneno ndo anajua alikuwa anahisi nini. Kulia au kufoka, kwa Collingwood, sio kujieleza, hapo hisia imekuponyoka tu. Na anayejua kabla hajaanza kitu kitatokaje, huyo kwake ni fundi.

Mi nilikuwa nasoma haya naona maneno ya wasomi tu, mpaka siku chalii mmoja anayechora picha za mtindo wa Tingatinga hapa Chuga, yaani Arusha, aliponipa kipande cha bodi na rangi za mafuta zilizobakia kwenye makopo akaniambia chora chochote. Sijui kuchora. Nikachora kwa bibi, Marangu, migomba, bati lenye kutu, nikafika mlangoni nikapaka kahawia na komeo nikaweka. Nikarudi nyuma kuangalia nikashtuka, mlango umefungwa, na kwa bibi mlango haujawahi kufungwa mchana, kuku walikuwa wanaingia na kutoka wanavyotaka. Bibi ana miaka minne tangu tumzike, siku ya msiba mi nilikuwa mtu wa kukimbizana na maturubai na viti, sikulia, na nilishajiambia nimepoa. Nikajaribu kuufungua ule mlango kwa rangi nyeusi nikashindwa, nikarudisha komeo.

Sasa usiseme basi picha za kuuzia watalii ni ufundi mtupu. Edward Tingatinga alianza Dar 1968 na vipande vya bodi na rangi za dukani, alifariki 1972, na mpaka leo wapo wanaoishi kwa ule mtindo wake, chui mwenye madoa, ndege, kila kitu kinang'aa. Huyu chalii wangu anatoa twiga na Kili nyuma yake hata mara tano kwa wiki, anajua picha nzima kabla hajachovya brashi, hiyo ni hela ya kodi na wala haoni aibu. Ila angalia kona ya chini kushoto, kuna kambuzi kamoja keusi kamesimama peke yake, hakuna mteja aliyekaomba. Nilimuuliza. Akacheka, akasema sijui mwanangu, nisipokaweka naona picha haijaisha.