Beatles Walipobadili Sura: Dhana Potofu Kuhusu Mashabiki Wao

Dhana potofu: Mashabiki waliwapenda Beatles, kundi la muziki la vijana wanne wa Liverpool, Uingereza, jinsi walivyokuwa, kisha umaarufu ukawageuza.

Ukweli: Hata zile suti na tai walizozitazama Wamarekani wapatao milioni 73 katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, tarehe 9 Februari 1964, zilikuwa sura ya kutengenezwa. Huko Hamburg, Ujerumani, na katika klabu ya Cavern ya Liverpool walikuwa wakipiga muziki wakiwa na makoti ya ngozi, wakila na kuvuta sigara jukwaani, hadi meneja wao, Brian Epstein, alipowavalisha suti mwaka 1962. Agosti ya mwaka huohuo Ringo Starr alichukua nafasi ya mpiga ngoma Pete Best, na hasira za baadhi ya mashabiki wa nyumbani zilifika mahali ambapo mpiga gitaa wao, George Harrison, alipigwa jichoni. Kwa kawaida shabiki humwona msanii wa kweli kuwa yule aliyemkuta siku ya kwanza.

Dhana potofu: Sura mpya hufukuza mashabiki.

Ukweli: Wengine huondoka, wengine huingia, na jumla ya mauzo haitofautishi. Kundi liliacha ziara baada ya onyesho la San Francisco tarehe 29 Agosti 1966, na lilipoonekana tena mwanzoni mwa 1967, wote wanne walikuwa wamefuga masharubu. Vijana walioonyeshwa filamu za nyimbo mpya, Strawberry Fields Forever na Penny Lane, katika kipindi cha muziki cha televisheni ya Marekani, American Bandstand, waliulizwa maoni yao, na baadhi walilalamika kwamba vipenzi vyao wamezeeka. Nchini Uingereza santuri yenye nyimbo hizo mbili ilikomea nafasi ya pili. Hata hivyo, miezi michache baadaye albamu ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 15, ilhali watoto wengi walikuwa wameshapata kundi jingine la kupenda, The Monkees, waliokuwa kwenye televisheni tangu Septemba 1966.

Dhana potofu: Waliohuzunika walikuwa wasichana wadogo wasioelewa muziki.

Ukweli: Hii ni dharau zaidi kuliko hoja. Mwanachama wa klabu rasmi ya mashabiki alipelekewa kila Krismasi, kuanzia 1963, santuri nyembamba ya plastiki isiyouzwa madukani, yenye salamu na mizaha ya wanamuziki wenyewe, na palikuwa pia na jarida la kila mwezi lililowasimulia kana kwamba ni kaka wa nyumbani. Aliyejengewa ukaribu huo kwa makusudi, tena kwa faida ya kibiashara, alikuwa na haki ya kushtuka alipoona nyuso asizozitambua. Inafaa kuongeza kwamba salamu hizo za Krismasi ziliendelea hadi 1969, kwa hiyo waliovumilia hawakutupwa.

Dhana potofu: Kilichobadilika ni mavazi tu.

Ukweli: Ushabiki wenyewe ulibadilika. Maonyesho yalipokoma, mayowe yalikosa mahali pa kupigwa, na macho yakahamia kwenye majalada ya albamu, yakichunguza kila kitu. Mwaka 1969, miguu mitupu ya Paul McCartney, mmoja wa wale wanne, kwenye jalada la albamu ya Abbey Road ilichukuliwa na wengine kuwa ushahidi kwamba alikuwa amekwisha kufa, mpaka jarida la Life lilipomfuata shambani kwake Uskoti na kumchapisha mwezi Novemba akiwa hai, pamoja na familia yake.