Msomaji lengwa katika tahakiki ya filamu: ni nani, na hutambulikaje?

Msomaji lengwa ni mtu ambaye mwandishi amemkusudia anapoandika, na si lazima awe ndiye aliyeshika jarida mkononi. Nakala ikisahaulika kwenye kiti cha taksi jijini Kampala na kuokotwa na abiria asiyejali filamu, abiria huyo atakuwa msomaji, lakini hakulengwa. Kuchambua jinsi tahakiki inavyomshirikisha mlengwa ni kumtafuta mtu huyo ndani ya maandishi yenyewe: anadhaniwa kuwa anajua nini, anasemeshwaje, na anatarajiwa kufanya nini akimaliza kusoma.

Alama ninayoiamini kuliko zote ni tofauti kati ya kilichofafanuliwa na kilichoachwa bila maelezo. Chukua filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, inayosimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyeng'ara katika mchezo wa sataranji. Mhakiki anayewaandikia watu wa London hana budi kueleza kwamba Katwe ni mtaa wa mabanda mjini Kampala. Anayewaandikia watu wa Kampala huandika "Katwe" tu, kwa kuwa wasomaji wake wameshasikia nyundo za mafundi vyuma wa mtaa huo. Ila huenda akalazimika kueleza kidogo jinsi kete za sataranji zinavyotembea.

Kiswahili kina alama nyingine, nayo imo ndani ya kitenzi. Tuseme jarida la vijana limeandika hivi kuhusu Lupita Nyong'o, aliyeigiza mama yake Phiona: "Andaa leso, maana mama huyu atakuliza." Amri iliyo mwanzoni na kiambishi -ku- kilicho ndani ya "atakuliza" vinamweka msomaji kwenye kiti cha ukumbini hata kabla hajakata tiketi. Jarida la wanataaluma lingeweza kuandika: "Uigizaji wa Nyong'o unabeba uzito wa familia nzima kwa maneno machache." Hapo hakuna anayesemeshwa, anayezungumziwa ni uigizaji, na msomaji anachukuliwa kuwa mtu anayetaka kupima hoja. Mwandishi wa tatu angesema, "Mama huyu tunamjua," na kwa kiambishi tu- akawakusanya wasomaji waliolelewa na mama wa namna hiyo, huku wengine wakibaki nje. Kiambishi hicho kidogo kina nguvu kubwa, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi hukipita bila kukiona.

Umbo la tahakiki nalo hufuata mlengwa. Jarida la Empire la Uingereza, lililoanza mwaka 1989, hutoa nyota hadi tano, ambazo humfaa mtu anayetaka kuamua upesi kama filamu inastahili fedha yake. Sight and Sound, lililoanza mwaka 1932, limejulikana kwa tahakiki ndefu zinazomfaa msomaji anayejali historia ya sinema na kazi ya mwongozaji.

Kwa sisi wa Uganda, dhana hii ina mfano ulio hai katika vibanda vya video, ambamo VJ, yaani msimulizi anayezungumza juu ya picha, hutafsiri filamu ya kigeni kwa Kiganda huku ikiendelea, akiongeza utani na kuwapa wahusika majina ya hapa nyumbani. VJ anawaona watu wake, na wakinyamaza hubadilisha maneno papo hapo. Mhakiki wa jarida hawaoni wake, kwa hiyo kila anachokidhani kuhusu wao hubaki kimeandikwa, na ndiyo maana kinaweza kuchambuliwa.

Basi mwanafunzi akiandika kwamba "lugha ni rahisi ili kuwavutia wasomaji", bado hajachambua. Ataje neno lenyewe, aseme linamchukulia msomaji kuwa nani, kisha aonyeshe linamfanya ahisi au atende nini: "Kwa kusema 'andaa leso', mwandishi anamwona msomaji kama rafiki anayekwenda ukumbini kutafuta hisia, naye anamhakikishia mapema kwamba atazipata."