Mbawakawa wa ukungu: si vinundu, ni mkao

Barazani kwetu Wete, kijana mmoja wa skuli alitueleza kwa uhakika kuwa jangwani kuna mbawakawa anayekunywa kwa mgongo: vinundu vyake hunasa ukungu, maji yakatiririka hadi kinywani. Hakuzua. Habari hiyo inazunguka tangu 2001, jarida la Nature lilipochapisha utafiti juu ya mgongo wa mbawakawa wa jangwa la Namib, huko Namibia.

Ila aliyetajwa pale, Stenocara, hajulikani kunywa hivyo jangwani. Anayefanya ni jamaa yake, Onymacris unguicularis, na huyo wala hana vinundu vile. Ukungu wa Atlantiki unapoingia, hujifukua mchangani, hupanda hadi kileleni mwa tuta, kisha husimama kichwa chini, makalio juu, ukungu ukimpiga. Matone hukua, huungana, huteremka kinywani. Hayo yalielezwa mapema, 1976. Mwaka 2010 watafiti waliwalinganisha mbawakawa wa aina nne wa huko, wenye vinundu na wasio navyo: hawakuona tofauti ya maana katika maji waliyonasa. Kilichomtenga Onymacris ni mkao.

Wahandisi bado wanajifunza kwa vinundu, na sikatai. Kinachofaa maabara si lazima kiwe ndicho anachotumia mdudu jangwani.

Kijana akauliza, mbona chonga, mbawakawa wa minazi yetu, hasimami hivyo? Chonga ana haja gani? Anatoboa kilele cha mnazi na kufyonza utomvu humo humo.